Mlo wa kupunguza FODMAP ukiwa na IBS, kwa jiko la ugali, wali na mchuzi

Mlo huu ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Walengwa ni watu wenye IBS: tumbo linauma, linajaa gesi, mtu anaharisha au anafunga choo kwa miezi mingi, na vipimo havionyeshi kitu. FODMAP ni jina la pamoja la aina kadhaa za sukari ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi vizuri. Zinavuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Gesi hiyo anayo kila mtu, ila mwenye IBS utumbo wake unahisi kupita kiasi. Maumivu ni ya kweli, lakini utumbo hauchubuki.

Pima kwanza. Choo kiangaliwe kama kina vijidudu vya amiba na giardia. Kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa wa utumbo kudhurika na gluteni ya ngano, kifanyike ungali unakula ngano, maana ukishaiacha kinaweza kusema huna wakati unao. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuharisha: hayo ni ya hospitali, si ya mlo. Mtoto, mjamzito, mtu aliyekonda na mwenye kisukari anayetumia insulini wasianze bila mtaalamu wa lishe.

Kuondoa: wiki 2 hadi 6

Wanga hautakusumbua. Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo na ndizi za kupika vyote vinafaa. Chapati, maandazi, mkate na tambi za ngano weka kando. Nyama, kuku, samaki na mayai kula. Mboga chukua sukuma wiki, spinachi, karoti, tango, biringanya. Matunda ni papai, nanasi au chungwa, aina moja kwa mara moja, kama kikombe kimoja. Acha embe, tikiti maji, tufaha na ndizi mbivu sana. Acha maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu. Acha maziwa, yakiwemo ya mbuzi na mtindi, unywe chai ya rangi isiyo nzito. Sukari ya kawaida haina neno. Asali ndiyo yenye neno, na wengi huikimbilia wakidhani wanajitibu.

Kazi ipo kwenye kitunguu, maji na saumu. Sukari zake, fruktani, zinayeyuka kwenye maji lakini haziyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kuchambua vipande vya kitunguu ukingoni mwa sahani hakusaidii chochote: mchuzi umeshazinyonya sukari hizo. Fanya hivi. Weka vijiko 3 vya chakula vya mafuta, tia punje 2 za kitunguu saumu zilizopasuliwa katikati, moto mdogo. Zikianza kugeuka rangi zitoe zote, ndipo uweke nyanya na maji. Ladha inabaki, fruktani zinatoka na punje. Mafuta hayo yatumie siku hiyohiyo. Yakilazwa nje ya friji na kitunguu saumu yanaweza kuota sumu ya botulini. Badala ya kitunguu maji tumia majani yake, sehemu ya kijani tu, au mvuje kiasi cha ncha ya kisu kwenye mafuta ya moto. Tangawizi, manjano, jira na iliki ruksa. Viungo vya pakiti soma nyuma: mara nyingi vina unga wa kitunguu.

Kila jioni andika kwenye daftari ulichokula, maumivu kwa alama 0 hadi 10, na choo kilivyokuwa. Wiki ya 6 ikiisha bila nafuu, acha. Si kila mwenye IBS anasaidika, na kuendelea kujinyima hakutabadilisha hilo.

Kurudisha

Hapa ndipo faida ya zoezi zima ilipo, na ndipo wengi wanapopaogopa. Wakishapata nafuu wanabaki kwenye ugali na samaki mwaka mzima, wanakosa kalsiamu na nyuzinyuzi, na bakteria wazuri wa tumboni wanapungua.

Endelea na mlo uleule, ujaribu kitu kimoja kwa siku 3, kiasi kikiongezeka:

- Maziwa: robo kikombe, nusu, kikombe kizima.
- Mkate wa ngano: kipande 1, 2, 3.
- Kitunguu saumu: robo punje, nusu, punje nzima.
- Maharage yaliyolowekwa na kumwagwa maji: vijiko 2 vya chakula, robo kikombe, nusu.
- Asali: kijiko 1 cha chai, 2, 3.
- Viazi vitamu: nusu kikombe, kimoja, kimoja na nusu.

Kitunguu maji kipime peke yake, hata kama mkate, wenye fruktani pia, umepita salama. Tumbo likichafuka, simama. Pumzika siku 2 au 3 hadi litulie ndipo uende kwenye kingine; ukirukia mapema hutajua mkosaji ni nani. Usipime siku za hedhi, wakati wa mtihani au msiba, wala siku uliyokula pilipili nyingi na vya kukaanga, kwa kuwa hayo pekee yanatosha kulichafua. Dawa za maji za kikohozi nazo zichunguze: baadhi zina sorbitoli, nayo ni FODMAP.

Ukimaliza, rudisha vyote vilivyopita. Mwenye kushindwa na maziwa ale dagaa wazima na mifupa yao apate kalsiamu. Kilichokushinda kwa kikombe huenda kikakubali kwa robo, na kilichokataa kabisa kijaribu tena baada ya miezi michache.