DVD za anime (katuni za Kijapani): kabla ya kukimbilia bei ndogo, hesabu vipindi kwa diski

Nakala feki huonekana rahisi kwa sababu msimu mzima hubanwa kwenye diski chache. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Vipindi 13 vya dakika 24 kwenye diski ya 4.7 hupata takriban megabiti 2 tu za data kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hapo ndipo vifungu vya mapigano hugeuka vimiraba, na anga la usiku hujaa mistari. Vipindi 5 kwenye diski ya 8.5 hupata zaidi ya 9. Tofauti hiyo unailipia, na inafaa.

Geuza diski uitazame chini. Rangi ya zambarau au buluu ni dalili ya diski iliyochomwa kwa kompyuta. Rangi yake huchakaa kwa joto na mwanga. Halisi huwa ya fedha, lakini feki nyingine nazo hupigwa chapa kiwandani, kwa hiyo fedha pekee si ushahidi. Maandishi "Region All" (yaani hucheza kanda zote za dunia) pamoja na manukuu ya Kiingereza kibovu, majina ya wahusika yakibadilika kila kipindi, yanatosha kukutia shaka.

Kama halisi ni ghali, usinunue juzuu mojamoja zinapotoka. Subiri boksi la msimu mzima, au nunua iliyotumika. Kagua kwanza namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa: DVD ya Marekani ni kanda 1, ya Japani 2, na mashine isiyolingana hugoma kuicheza.