Ndege ya kivita iliyoanguka: jinsi ya kubaini kama ilikuwa ajali au ilitunguliwa na wenzake

Ukiulizia ndege ya Vita vya Pili vya Dunia iliyoangukia Kenya, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba ilitunguliwa na Waitaliano. Liandike, uliweke kando. Ndege ilipotea kwa adui, kwa ajali, au kwa risasi za upande wake mwenyewe, na kila sababu ina karatasi zake. Ukianza na karatasi zisizo zake utazunguka miezi.

Tafuta kwanza jina la mwanaanga, namba yake ya jeshi, tarehe na kikosi. Tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, inatoa hayo yote bure. Halafu panda matatu ya 111 ushuke Makaburi ya Vita, Ngong Road, ukayasome mawe yenyewe. Angalia majirani: wanaanga watatu au wanne wa tarehe moja, waliozikwa kwa kufuatana, kwa kawaida walikuwa ndege moja. Jiwe halitakwambia alikufaje, na tovuti pia haisemi.

Wasio na kaburi ndio huwapoteza watu. Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliomo humo makaburini ni wa askari wa nchi kavu. Mwanaanga aliyepotea Kenya, Ethiopia au Somalia bila mwili wake kupatikana ameandikwa kwenye ukumbusho wa Alamein, Misri. Wengi hurudi mjini wakisema hayumo, kumbe wamesoma ukuta usio wake.

Utahitaji pia namba ya ndege. Za Waingereza zilikuwa herufi moja na tarakimu nne, baadaye herufi mbili na tarakimu tatu. Herufi kubwa za ubavuni ni kitu kingine: zilionyesha kikosi, na ndege ikipotea zilipewa nyingine. Namba zenyewe zina mapengo yaliyoachwa makusudi ili adui asijue idadi ya ndege, basi usidhani kila pengo ni ndege iliyoanguka.

Sasa nenda kwenye daftari za kikosi, zilizoko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Vikosi vya Jeshi la Anga la Uingereza viko chini ya fungu la AIR 27, vya Afrika Kusini AIR 54, na nyingi za AIR 27 zimeskaniwa, unapakua ukiwa Nairobi. Ndani kuna Fomu 540, ambayo ni muhtasari wa siku, na Fomu 541, yenye kila safari: ndege, wahudumu, kazi waliyotumwa, saa ya kuruka, saa ya kutua. Soma 541 kwanza. Safu ya kutua ikiwa tupu, hiyo ndiyo ndege yako. Muhtasari wa 540 uliandikwa na ofisa aliyekuwa na haraka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, na hapo ndipo maneno hulainishwa.

Angalia saa kabla hujalinganisha chochote. Mwaka 1940 Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, si saa 3 kama leo. Daftari moja likifuata saa ya Greenwich na jingine saa ya hapa, tukio moja litaonekana mawili. Na 0615 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukinakili maelezo ya wazee, andika saa zote mbili.

Ajali ipewe uzito wake. Uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, leo kambi ya jeshi la anga, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi: injini hupungukiwa nguvu, mabawa hubeba kidogo, ndege hula uwanja mrefu kabla ya kuinuka. Ongeza mawingu ya Machi hadi Mei, na milima ya Aberdare inayofika mita 4,000. Kwa ajali kama hizo omba kadi ya Fomu 1180, iliyoko RAF Museum, London. Kadi ina chanzo kwa maneno machache sana, nayo hupenda kumlaumu rubani. Marehemu hana wa kumtetea. Ndege iliyopigwa na adui kwa kawaida haina kadi hiyo.

Kupigwa na wenzake ndiko kugumu zaidi kuthibitisha, kwa sababu aliyepiga ndiye pia aliyeandika ripoti. Tafuta shajara za vita za mizinga iliyokuwa karibu, fungu la WO 169, uone kama ilifyatua saa ileile na ilidai kutungua nini. Kisha tazama madai ya adui. Kama adui hakudai ndege siku hiyo, na mizinga yetu inadai ndege ya adui ambayo adui hakuipoteza, umekaribia. Uliza pia kama kulikuwa na shambulio dakika chache kabla. Ndivyo alivyokufa Italo Balbo, gavana wa Libya, tarehe 28 Juni 1940: alifika Tobruk mara tu baada ya ndege za Waingereza kupiga mabomu, na mizinga ya Waitaliano wenzake ikamtungua. Usiku wa 11 Julai 1943, ndege 23 za Marekani zilizobeba askari wa miavuli ziliangushwa na mizinga ya upande wake kule Sicily, nako mashambulizi ya Wajerumani yalikuwa yametangulia. Baada ya hapo angalia ishara za utambulisho: rangi za fataki za siku hiyo, na msimbo wa redio. Helikopta mbili za Marekani zilizotunguliwa na ndege za kivita aina ya F-15 za nchi yao kaskazini mwa Iraki, 14 Aprili 1994, watu 26 wakafa, zilikuwa na msimbo usiolingana na ule ambao marubani wa ndege za kivita walikuwa wakiutafuta.

Magazeti ya zamani yaliyoko maktaba ya McMillan, Banda Street, yana majina na maziko, lakini udhibiti wa vita uliondoa mahali na sababu. Yatumie kuhakikisha tarehe tu.

Ukifika kwenye mabaki, piga picha ya kila kibati chenye namba kikiwa palepale, pamoja na alama ya GPS. Usikibandue. Risasi na mabomu ya zamani bado hulipuka: rudi ulikopitia, kisha ripoti polisi. Mabaki yakiwa ndani ya mbuga, pata ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kupanda.