Kabla mkaguzi hajabisha hodi: maandalizi ya kituo cha kulelea watoto mchana

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayeendesha kituo cha kulelea watoto wadogo mchana awe na leseni, na mwenye leseni lazima awe tayari kukaguliwa. Anayekuja mara nyingi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa afya naye ana yake: vyoo, maji, jiko, taka. Zimamoto wataangalia milango na mitungi, na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, watauliza habari za wafanyakazi. Kila mmoja anaweza kuja siku yake, pengine bila taarifa, kwa hiyo kupiga deki usiku wa kuamkia ukaguzi hakusaidii sana. Mkaguzi mzoefu hababaishwi na sakafu inayong'aa. Atafungua koki aone kama maji yanatoka, atamwomba mlezi wa zamu amwoneshe namna ya kuchomoa pini ya kizimamoto, atahesabu watoto kwa macho kisha ndipo aombe rejista.

Karatasi zikae kwenye faili moja ambalo hata mlezi msaidizi anajua lilipo, maana siku ya ukaguzi mwenye kituo anaweza kuwa benki. Leseni itundikwe panapoonekana, na idadi ya watoto iliyoruhusiwa iheshimiwe. Vituo vingi hujikwaa hapa mwezi Januari: mzazi mmoja anaomba, wa pili anabembeleza, na kituo cha watoto 30 kinajikuta na 36. Nafasi ya kulala, matundu ya choo na idadi ya walezi vyote vilipimwa kwa watoto 30.

Rejista ioneshe saa ya kuingia na saa ya kutoka, si tiki peke yake, na pembeni sahihi ya aliyemleta na aliyemchukua. Kila mtoto awe na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua pamoja na namba zao za simu. Kama mzazi humtuma dereva wa bodaboda, jina na picha ya dereva huyo viwemo kwenye orodha. "Namfahamu kwa sura" si jibu la kumpa mkaguzi, na wala si jibu la kumpa mzazi siku mambo yakiharibika. Weka pia nakala ya kadi ya kliniki. Dozi inayokosekana mara nyingi ni ya pili ya surua-rubela, ya miezi 18, kwa sababu wazazi wengi huacha kwenda kliniki mtoto akishatimiza mwaka. Pitieni kadi zote mapema, na mzazi ambaye mtoto wake hajakamilisha apewe tarehe ya kuileta tena. Kwa wafanyakazi, faili liwe na mkataba, vyeti vya mafunzo, barua za wadhamini na cheti cha kupima afya. Mpishi hupimwa kila baada ya miezi sita; mlezi anayelisha watoto uji naye anashika chakula, kwa hiyo asiachwe nje.

Uwiano wa walezi na watoto huvurugika pembezoni mwa siku. Saa 4 asubuhi kila kitu huwa sawa. Tatizo liko saa 1, watoto wanapoingia na mlezi wa pili hajafika, halafu saa 7 mchana walezi wanapokula kwa zamu, na tena baada ya saa 11 jioni. Andikeni ratiba ya zamu inayoonesha nani yuko na kundi gani kila saa, na nani anaziba pengo mwenzake akienda chooni. Mpishi asihesabiwe kama mlezi wakati sufuria iko jikoni.

Sasa moto, na hapa hakuna kulegeza. Tarehe 5 Juni 2009 watoto 49 walikufa kutokana na moto katika kituo cha kulelea watoto cha ABC mjini Hermosillo, Meksiko. Moto haukuanzia kwao. Ulianzia kwenye ghala la jirani, ndani ya jengo lile lile, ukapita juu na kushika dari, na dari yenyewe ilikuwa na povu la plastiki linalowaka upesi. Milango ya kutokea haikutosha, hadi mtu mmoja akabomoa ukuta kwa gari lake ili watoto watolewe. Kituo hicho kilikuwa kimekaguliwa na kupita chini ya majuma mawili kabla. Kwa hiyo unapojiandaa usikomee ndani ya uzio wako. Jirani ana nini? Fundi wa kuchomelea, duka la magodoro, mauzo ya petroli kwenye chupa? Paa limeungana? Juu ya vichwa vya watoto kuna ubao wa jasi, au kuna turubai na maua ya karatasi yaliyofungwa kwenye waya wa taa?

Kila chumba cha watoto kiwe na njia mbili za kutokea zilizo mbali moja na nyingine, na milango ifunguke kwa nje. Kufuli ndilo kosa linaloua. Wenye vituo hufunga kwa sababu mbili za kweli: mtoto asikimbilie barabarani na mwizi asiingie. Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili hizo. Geti la uzio ndilo limzuie mtoto asifike barabarani, na awepo mtu wa kulisimamia. Mlango wa jengo uwe na komeo lililo juu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, linalofunguka bila ufunguo. Madirisha yenye nondo ni mtego mwingine. Mwite fundi akate fremu moja kwenye kila chumba aiwekee bawaba, ifunguke kutoka ndani.

Kizimamoto cha unga mkavu kikae karibu na mlango wa jiko, si juu ya jiko lenyewe, kwa kuwa jiko likiwaka hutakifikia. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, pini iwe na lakiri yake, mpira usiwe umepasuka, na kadi ioneshe tarehe ya huduma isiyozidi mwaka. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, zima gesi na ufunike kwa mfuniko. Maji hulipua mafuta yale. Walezi wote wawe wanalijua hilo, pamoja na namba 114 ya Zimamoto.

Zoezi la kutoka lifanyike kila mwezi, na angalau mara moja kila muhula lifanyike watoto wakiwa wamelala. Ndipo hesabu halisi hujitokeza. Mlezi mmoja hubeba wachanga wawili kwa usalama. Kama chumba kina wachanga sita na mlezi mmoja, wanne wanabaki. Suluhisho liwe tayari: kitanda chenye magurudumu kinachopita mlangoni, mbeleko zinazoning'inia ukutani, na mtu aliyepangwa, kwa jina, kukimbilia chumba hicho filimbi ikilia. Anayetoka mwisho atoke na rejista, na watoto wahesabiwe mahali pa kukusanyikia. Andikeni tarehe, saa, dakika zilizotumika na kilichokwama. Daftari lisemalo "zoezi lilikwenda vizuri" mara 12 mfululizo halimshawishi mkaguzi. Linaloonesha kwamba mwezi Machi mlango wa nyuma ulizibwa na magunia, na kwamba yaliondolewa siku ile ile, linamshawishi.

Jikoni, mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kibanda kinachopitisha hewa, na mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni: povu likichemka, gesi inavuja. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata siku ya mvua, wala lisiachwe kwenye chumba cha kulala lipashe joto. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtoto aliyelala haamki. Chupa ya chai na sufuria ya uji visiwekwe kwenye meza yenye kitambaa kinachoning'inia.

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, au kiliwe ndani ya saa mbili tangu kiivishwe. Wali uliopikwa saa 3 na kupakuliwa saa 6 na nusu umekaa mno kwenye joto la kawaida, na kuupasha hakuondoi sumu ambayo bakteria wa wali wameshaiacha. Sogezeni saa ya kupika. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na kipimajoto kidogo ndani yake kikithibitishe hilo. Unga na karanga vikae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu unyevu huleta ukungu na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tukiwa kwenye karanga: uji wa lishe mara nyingi una karanga au soya ndani, na aliyeusaga hayupo kituoni kuulizwa. Orodha ya watoto wenye mzio ibandikwe jikoni kwa majina, na mpishi ajue kila kilichomo kwenye unga ule. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo hayajashuka chini ya nyuzi 70, yapozwe, na yanayobaki baada ya saa mbili yamwagwe.

Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20 na kusubiriwa dakika 30, kisha yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Kuchota kwa kikombe hurudisha uchafu uleule mlioutoa. Ndoo za kufulia zimwagwe mara tu kazi ikiisha. Maji ya kina cha sentimeta tano yanatosha kumzamisha mtoto anayeanza kutambaa, na matangi ya chini yawe na mfuniko wenye kufuli. Hapo ndipo mahali pa kufuli.

Usafi wa dawa huharibika kwa vipimo vya kukisia. Jik, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kwa ajili ya matapishi, damu na kinyesi. Kwa meza, poti na midoli, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji kinatosha. Kwanza futa uchafu na uoshe kwa sabuni, kisha paka dawa na uiache dakika kumi. Klorini ikikutana na uchafu huishia hapo bila kufikia vijidudu. Midoli isuuzwe kwa maji safi. Mchanganyiko utengenezwe upya kila asubuhi, chupa iandikwe kilichomo, wala usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu gesi inayotoka huunguza mapafu. Mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na chakula, na pawe na maji na sabuni hatua mbili kutoka hapo. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji kinachoinamishwa ili kunawa mikono, kinafaa kama bomba halipo, mradi kina maji saa zote.

Wachanga walale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto na bila khanga iliyorundikwa usoni. Nafasi kati ya fito za kitanda isizidi sentimeta 6. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisining'inie hadi mtoto akajiviringisha nacho. Kitu chochote kinachopita ndani ya mrija wa boksi ulio katikati ya karatasi ya choo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu: vifuniko vya chupa, betri za saa, karanga nzima, bisi.

Uwanjani, chini ya bembea na mtelezo wa hadi mita 1.2 pawekwe mchanga mlaini wa kina cha sentimeta 25 au zaidi, uenee karibu mita mbili pande zote. Mchanga ukikanyagwa hugeuka kuwa sakafu, kwa hiyo utifuliwe kwa reki kila wiki, na ufunikwe jioni paka wasiufanye choo. Matundu kwenye vizuizi yasizidi sentimeta 9, kichwa kisinase.

Andikeni sera ya mtoto mgonjwa na mzazi aisaini siku ya kwanza, si siku mtoto anapokuja na homa. Mwenye surua akae nyumbani siku nne tangu vipele vitokee, mwenye tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke. Dawa itolewe kwa ruhusa ya maandishi tu, kwenye chupa yake yenye jina la mtoto, na daftari lioneshe kipimo, saa na aliyeitoa. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na glovu, bandeji, plasta, mkasi, kipimajoto na pakiti za ORS za kumrudishia maji mtoto anayeharisha, na mtu mmoja awe na jukumu la kuangalia tarehe za mwisho wa matumizi. Karibu nacho bandikeni namba 116, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, na kila mlezi ajue kwamba ana wajibu wa kuipiga hata anayeshukiwa akiwa ni mfanyakazi mwenzake.

Mkaguzi akimaliza, mwombe asome aliyoandika kabla hujasaini. Kila kasoro iwe na tarehe ya kurekebishwa na jina la mwenye kuirekebisha, na kama huwezi kutimiza tarehe hiyo sema pale pale, na utoe sababu. Piga picha ya kasoro kabla na baada ya matengenezo, ambatanisha risiti ya fundi, na nakala ya taarifa ibaki kwenye lile faili; ukaguzi unaofuata utaanza kwa kuifungua.