"It can rain today"? Hapana, tumia "might"

Ukitaka kusema "huenda mvua ikanyesha leo" kwa Kiingereza, achana na "can". Wengi wetu tunachukua "inaweza kunyesha" na kuigeuza moja kwa moja: "It can rain today." Utaeleweka, ila sikio la mwenye lugha litashtuka. Kwa tukio moja lisilo na uhakika, la leo au kesho, tumia "may", "might" au "could": "It might rain today." Kwenye maongezi ya kawaida mimi huegemea "might"; "may" ina kaharufu ka barua ya ofisini.

"Can" nayo ina kazi yake: jambo ambalo hutokea mara nyingine. "It can get very cold in Njombe", yaani Njombe kuna nyakati baridi huwa kali. Huo si utabiri wa kesho.

Sasa kanusha uone. Mtu anabisha hodi saa sita usiku, nawe unajua Juma yuko safarini: "That can't be Juma." Haiwezekani awe yeye. Lakini "That might not be Juma" ni huenda siye, na huenda ndiye. Mlango usifungue bado.

Kwa yaliyopita, ongeza "have": "She might have missed the bus", huenda amekosa basi. Na "maybe" iliyoungana ni labda, ikitenganishwa, "may be", ni kitenzi: "He may be asleep." Hapo hata waliosoma sana huteleza.