Mwakilishi wa wadi Lamu: namna ya kufanya kazi ya bunge hadi urudishwe tena

Gavana amewekewa vipindi 2 na Katiba ya Kenya. Mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti hana kikomo: watu wakimtaka, anarudi. Hata hivyo wengi hukaa miaka 5 tu, na sababu kubwa tunayoiona ni kwamba waliingia bungeni wakaendelea kufanya kazi ya harambee. Maelezo haya ni ya mwakilishi mpya na msaidizi wake, hasa wa Faza, Kiunga na Basuba za Lamu Mashariki, ingawa wadi nyingine 7 za Lamu Magharibi nazo zitafaidika.

Kabla ya kuahidi kitu barazani, jua ni cha serikali gani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati, maji, chekechea, masoko, uvuvi, barabara za kaunti na magati madogo ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na hatimiliki za ardhi ni vya serikali kuu. Lamu swali la ardhi halikosekani, na hapo ndipo wagombea hujitia kitanzi. Usiseme "nitawaletea hati". Sema utawasilisha hoja bungeni, utawasaidia wanakijiji kuandika malalamiko yao, na utafuatilia majibu. Hayo unayaweza.

Sasa kalenda, kwa maana hapa ndipo miradi mingi hufia. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi 10 kabla. Waraka wa mkakati wa fedha huja kufikia 28 Februari na bunge lina siku 14 za kuupitisha. Makadirio huletwa kufikia 30 Aprili, na bajeti inatakiwa iwe imepita kufikia 30 Juni. Ukibisha hodi mwezi Mei na mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba, kamati ya bajeti itakuuliza umetoka wapi, na itakuwa na haki. Tena sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kila nyongeza ifidiwe kwa kupunguza kwingine. Kwa hiyo usiende na ombi tupu: nenda ukijua ni fungu gani unapendekeza likatwe, na uwe umeshazungumza na mwakilishi ambaye wadi yake itaguswa.

Basi mabaraza yafanyike Julai na Agosti. Kusi linavuma, vyombo vidogo vingi havitoki nje ya mwamba, na watu wako vijijini kwao. Wakati wa kaskazi wavuvi wengi wako dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, nawe utazungumza na viti. Epuka pia siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maana wavua pweza hushinda miambani maji yakipwa. Pangia siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, baada ya alasiri, na akina mama watapata nafasi ya kuja.

Ombi likitoka barazani huwa neno moja: maji. Huo si mradi bado. Liandike hivi: kijiji gani, kitu gani, ukubwa gani, kiwanja ni cha nani, nani atakitunza. Chukua jabia, yaani tangi la maji ya mvua lenye sakafu ya kuyakinga, kwa mfano. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Sakafu ya kukingia ya mita 20 kwa 20 ni mita 400 za mraba. Mvua ya milimita 50 itaipa lita 20,000, toa kama sehemu moja ya tano inayopotea. Ukiona mchoro una tangi kubwa na sakafu ndogo, urudishe, kwa sababu tangi hilo halitajaa. Andika ua ndani ya gharama tangu mwanzo, au mbuzi na punda watalala juu ya maji ya kunywa.

Ujenzi ukianza, pitia kwenye kamati uombe jedwali la vipimo na gharama, kisha nenda mwenyewe. Huendi kumsimamia fundi wala kumtafutia mtu kandarasi, unaenda kuangalia. Okota mchanga, uonje. Ukiwa na chumvi, umetoka ufuoni, nayo chumvi hula nondo hadi zege lipasuke. Uliza maji ya kuchanganyia yametoka kisima gani. Piga picha, andika tarehe.

Mradi ukikwama, usipige kelele redioni kwanza. Omba taarifa bungeni kwa mwenyekiti wa kamati husika, maswali manne tu: kandarasi ni ya shilingi ngapi, zimelipwa ngapi, kazi imefika wapi, itaisha lini. Majibu yataingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, na hayo ndiyo utakayoyasoma kijijini.

Mahudhurio ni jambo la kisheria. Ukikosa vikao 8 bila ruhusa ya spika ya maandishi, wala sababu ya kuridhisha, unapoteza kiti. Mtu wa Kiunga bahari ikichafuka asitegemee simu: barua iende kwa spika, nakala ibaki kwako.

Kuhusu chama: ukijiuzulu chama kilichokuleta, kiti kimekwenda. Anayetaka kugombea bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi.

Uchaguzi huwa Jumanne ya pili ya Agosti, kusi hilo hilo. Ziara za visiwa vya mbali zimalize mapema, na kila safari ipangie maji kujaa, usije ukakwama mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, huku watu wanakungoja gatini Mtangawanda, kisiwani Pate.