Tangi la maji ya mvua lisielee baada ya kufukiwa
Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50 hutoa karibu lita 10,000. Ukifukia tangi la ujazo huo mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kama maeneo mengi ya mabondeni Dar es Salaam wakati wa masika, likiwa tupu linaweza kusukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 10. Hung'oa mabomba na kupasua sakafu.

Zege likizama majini hubaki na uzito wa kama tani 1.4 tu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kulizuia kwa zege peke yake kunataka zaidi ya mita za ujazo 7. Ghali. Afadhali jamvi la zege lenye nondo chini ya tangi, pana kuliko tangi lenyewe, ili udongo juu ya kingo zake usaidie kukandamiza. Funga tangi kwenye jamvi kwa mikanda mipana. Waya hukata plastiki. Kati ya jamvi na tangi tandaza mchanga sentimita 10.

Unapofukia, jaza maji ndani sambamba na kifusi cha nje, tabaka za sentimita 30, maji yakitangulia kidogo. Shindilia kwa mkono. Mawe yenye ncha yasiingie.

Tangi la kawaida la juu ya ardhi usilifukie kabisa: halina mbavu za kuhimili mgandamizo wa udongo, litabonyea. Chemba ya kunasa mchanga ikae kabla ya bomba la kuingizia, na bomba la maji ya ziada lisiwe dogo kuliko hilo. Pampu ya kutoa maji ya ardhini shimoni izimwe tu kifusi kikishafika juu.