Kuunganisha orodha kunjuzi na rekodi za hifadhidata katika programu ya mezani

Tuchukue mfano wa programu ya kupokelea majani mabichi ya chai katika chama cha msingi cha ushirika wilayani Rungwe. Karani huchagua mkulima kwenye orodha kunjuzi (ComboBox, orodha inayofunguka ukiibonyeza), huandika kilo, kisha hubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kinachopaswa kuingia kwenye jedwali la mapokezi ni ufunguo msingi (namba ya pekee ya rekodi) wa mkulima huyo, wala si jina lake, kwa sababu huku akina Mwakalinga na Mwakyusa ni wengi na si ajabu kukuta wanachama wawili wanaofanana majina yote. Ukihifadhi jina peke yake, jasho la mmoja litalipwa kwa mwingine.

Kwa hiyo usijaze orodha kwa kuongeza majina moja moja, maana jina likishaingia hivyo huwa limekatika na rekodi yake. Ukitumia lugha ya C# na Windows Forms (maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu), soma MkulimaID na Jina kutoka kwenye hifadhidata, uziweke katika DataTable (jedwali lililo kwenye kumbukumbu ya programu) iitwayo dtWakulima, kisha uifunge orodha, hapa cboMkulima, hivi; DisplayMember ni safu inayoonyeshwa, ValueMember ni safu yenye namba ya kuhifadhiwa:

cboMkulima.DisplayMember = "Jina";
cboMkulima.ValueMember = "MkulimaID";
cboMkulima.DataSource = dtWakulima;
cboMkulima.SelectedIndex = -1;

Fuata mpangilio huo huo. Ukitanguliza DataSource, tukio la SelectedIndexChanged (la kubadilika kwa chaguo) huweza kuitwa kabla ValueMember haijawekwa, na SelectedValue (thamani ya kilichochaguliwa) ikakurudishia DataRowView, yaani mstari mzima wa jedwali, badala ya namba, ndipo programu inapokwama kwa kosa la kubadili aina ya data. Mstari wa mwisho nao una kazi kubwa, kuiacha orodha bila chaguo: orodha iliyofungwa kwenye data huchagua rekodi ya kwanza yenyewe, na karani aliyezungukwa na watu wenye vikapu anaweza kumwandikia mkulima wa kwanza kilo ambazo si zake bila kujua.

DropDownStyle iwe DropDownList, ili karani achague tu, asiandike jina lisilokuwemo.

Wakati wa kuhifadhi, hakikisha kwanza kwamba SelectedValue si null (yaani mkulima amechaguliwa), kisha uipeleke kama parameta ya amri ya SQL, usiiunganishe ndani ya maandishi ya amri. Wakati wa kusahihisha rekodi ya zamani, ipe SelectedValue namba iliyohifadhiwa na orodha itaonyesha mkulima husika, ilimradi aina ya namba hiyo ilingane na ya safu.

Ufunguo, hata hivyo, haumsaidii karani anayeona majina mawili yaliyo sawa. Katika hoja ya SQL, unganisha jina na kitongoji au namba ya uanachama, uyape matokeo hayo jina la safu Jina, na msimbo mwingine wote utabaki ulivyo.

Fomu ikiwa na orodha mbili zinazotumia DataTable moja, tuseme ya mkulima na ya mdhamini wake wa mkopo wa mbolea, ukibadili moja nyingine itabadilika nayo. Ipe orodha ya pili BindingContext (kinachofuatilia rekodi iliyochaguliwa) yake mpya kabla ya kuifunga, au uifunge kwenye dtWakulima.Copy().